Rolex ya laki mbili? Soma hii kabla hujatoa hela za kahawa

Kashozi ukitaja rolex, wengi watafikiria ile chapati-mayai ya Waganda wa ng'ambo ya Mutukula. Hiyo kula bila wasiwasi. Ya mkononi ndiyo ya kuikagua.

Rolex mpya inaanzia zaidi ya Dola 5,000 za Marekani, yaani zaidi ya Sh10 milioni. Ukiambiwa ni mpya kwa laki mbili, hiyo ni feki.

Angalia pia:

1. Mshale wa sekunde. Kwenye orijino unateleza. Feki za betri unaruka kila sekunde. Ila kuna feki kali ambazo nazo zinateleza.

2. Tarehe. Kwa zenye lenzi juu ya tarehe, inakuzwa mara 2.5. Ikionekana ndogo, shtuka.

3. Kadi ya dhamana. Namba yake ilingane na ya kwenye saa.

Je, inalipa? Kama unataka kujua saa tu, hapana. Rolex inaweza kupishana sekunde 2 kwa siku, wakati Casio F-91W ya betri ni kama sekunde 1.

Ukiuziwa feki, tunza risiti na ripoti Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963.