Nguvu ya Kazi Haihesabiwi kwa Mikono

Huenda kijijini kwenu yuko mtu asiye na mkono. Pengine alizaliwa hivyo. Pengine mkono ulikatwa baada ya ajali. Kazi zikigawanywa, wengine husema, "Mwacheni huyo, hawezi." Je, nani amempima?

Tuanze na swali. Nguvu ya kazi hutoka wapi? Misuli ikifanya kazi inahitaji chakula na hewa. Mapafu huvuta hewa. Moyo husukuma damu, na damu hupeleka hewa hiyo kwenye misuli. Moyo na mapafu vikiwa imara, mtu hachoki upesi. Tena misuli mikubwa kabisa ya mwili iko mapajani na matakoni, siyo mikononi.

Hospitalini hupima nguvu hiyo kwa baiskeli isiyokwenda. Mtu hukanyaga, na uzito wa kukanyaga huongezwa kidogo kidogo, huku daktari akiangalia moyo. Asiye na mikono naye anaweza kupimwa hivyo. Ila kiti kiwe na egemeo, kwa sababu hana cha kushikia. Presha yake hupimwa mguuni, na mapigo ya moyo huhesabiwa shingoni.

Kipo kipimo chepesi zaidi. Hupimwa njia tambarare ya mita 30. Mtu huenda na kurudi kwa dakika 6, kwa haraka awezavyo bila kukimbia. Kisha mita huhesabiwa. Mfano: akipita njia hiyo mara 15, amekwenda mita 450. Baada ya miezi kadhaa hupimwa tena, ionekane kama nguvu imeongezeka. Kipimo hiki kifanywe mbele ya mhudumu wa afya. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, aache mara moja.

Lakini tusisahau jambo moja. Kuwa na nguvu ni mbali, na kushika jembe ni mbali. Kwa hiyo kipimo cha pili ni kazi yenyewe. Mpeni kazi, mwangalie anavyoifanya. Mpini ukifungwa ukanda wa ngozi, wengine hulima. Mzigo ukitiwa mikanda, hubebwa mgongoni.

Tena tuwe waangalifu. Mwenye mkono mmoja huutumia mno, na bega na mgongo huweza kuuma. Apumzike mara kwa mara. Asiye na mikono yote miwili ana ngozi pungufu ya kutolea joto, basi hupata joto upesi. Apate maji na kivuli.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu wake. Basi tusimhukumu mtu kwa macho. Tumpime kwanza, naye mwenyewe aulizwe.

Maswali ya kujadili:
1. Kijijini kwetu, nani huachwa nyuma kazi zikigawanywa?
2. Je, tulimpima, au tulimtazama tu?
3. Zana gani tunaweza kumtengenezea?