Mafuriko: ni tabianchi au ni mitaro?

Mvua ikinyesha Nairobi, mdahalo ni ule ule. Aliye serikalini anasema ni tabianchi. Wa upinzani anasema ni mitaro na wizi. Wacha tuone sayansi inasema nini.

Baada ya mafuriko ya 2024, watafiti wa World Weather Attribution walipiga hesabu: joto la dunia liliongeza ukali wa mvua ile kwa takriban asilimia 5. Yaani palipomwagika milimita 100, bila hilo joto zingekuwa kama 95. Sasa niambie, huu mtaro wetu wa Riruta uliojaa chupa za plastiki ungebeba hizo 95? Watafiti wenyewe walitaja pia mji unaopanuka haraka na watu wanaoishi karibu na mito.

Lakini usikimbie na hiyo asilimia 5 ukisema tabianchi ni kisingizio tu. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ule uliomaliza mifugo kaskazini, watafiti hao hao walisema joto liliongeza uwezekano wake takriban mara 100. Hapo mtaro hauna kesi.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuambia “ni tabianchi”, muulize: janga gani? Kama ni mafuriko, pesa za mitaro zilienda wapi?