Uzito wa nyota umeandikwa usoni

Usiku wa Januari, jirani na Kilimia, huonekana nyota yenye wekundu wa kutu. Ni Aldebaran, iliyo umbali wa miaka-nuru 65 hivi. Upana wake ni zaidi ya mara 40 ya ule wa Jua, lakini tungamo lake halilizidi la Jua kwa mengi. Ni jitu jekundu: nyota iliyomaliza haidrojeni ya kiini chake, ikavimba.

Majitu haya huwasumbua wanaastronomia, kwani mazito na mepesi hufanana sana kwa rangi na mng'ao. Na bila tungamo, umri haujulikani. Nyota yenye tungamo la Jua hudumu takriban miaka bilioni 10 kabla ya kuvimba. Yenye mara mbili yake, bilioni moja tu na ushei.

Njia ya kwanza ni kupima mtikisiko. Gesi inayochemka chini ya uso huitetemesha nyota nzima: Jua kwa mizunguko ya dakika 5, majitu kwa saa nyingi au hata siku kadhaa. Darubini ya Kepler, iliyorushwa na NASA mwaka 2009, ilinasa mitetemo ya maelfu ya majitu. Masafa ya mitetemo hiyo yakiunganishwa na jotoridi la uso, tungamo hupatikana. Ila hesabu yenyewe haina huruma: kosa la asilimia 1 katika mwachano wa masafa huzaa kosa la asilimia 4 katika tungamo.

Njia ya pili, kwangu ndiyo tamu zaidi, husoma kemia ya uso katika mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi. Nyota inapovimba, gesi yake hujikoroga hadi kina kirefu, kama mwiko unaokaribia ukoko, na kupandisha mabaki ya tanuri la ndani, ambako kaboni iligeuzwa naitrojeni. Kadiri nyota ilivyo nzito, ndivyo naitrojeni inavyoongezeka usoni kuliko kaboni. Mradi wa APOGEE, ulioanzia New Mexico, Marekani, umepima uwiano huo kwa majitu mengi ambayo mitetemo yake haijawahi kunaswa. Yale ya Kepler ndiyo yaliyotoa kipimo cha kulinganishia.

Wapo wakaidi. Baadhi ya majitu yana kemia ya kizee lakini tungamo kubwa, la kijana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba yalimeza nyota wenza, au yalinyonya gesi yao, yakanenepa ukubwani.