Kiu ya Mungu katika Moyo wa Mwanadamu

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba mwanadamu ameumbwa akiwa na hamu ya Mungu ndani yake, na kwamba hamu hiyo haifutiki hata mtu akiisahau, akiipinga au akiitafutia kitulizo mahali pengine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaliweka fundisho hili mara tu baada ya utangulizi, kabla ya amri na kabla ya sakramenti. Mpangilio huo una maana. Imani haiwi tena sheria iliyoletwa na wageni na kubandikwa juu ya mtu asiyeihitaji. Inaanzia kwenye kiu ambayo mtu anayo tayari, ingawa mara nyingi hajui ni kiu ya nini.

Maandiko Matakatifu yaliisema kiu hiyo zamani. Zaburi ya 42 na ya 63 zinasali kwa sauti ya mtu aliyekaukiwa koo akilitafuta tone la maji. Mtume Paulo, akihutubia Athene katika sura ya 17 ya Matendo ya Mitume, anawaeleza wasikilizaji wake wapagani kwamba Mungu wanayempapasa gizani hayuko mbali nao. Ila aliyeichunguza hamu hiyo kwa undani kuliko wote, akiuchukua moyo wake mwenyewe kama ushahidi, ni Mwafrika: Mtakatifu Augustino.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo. Baba yake, Patrisi, alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Nyumbani hapakuwa na fedha nyingi, na masomo yake ya juu huko Karthago yaliwezekana kwa msaada wa tajiri mmoja wa kwao. Alipokuwa na miaka 18 hivi alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi wa Roma, kilichowahimiza watu kuitafuta hekima, nacho kikamwasha moto. Lakini alipoifungua Biblia aliiona lugha yake ni duni, akaifunga. Badala yake akajiunga na Wamanikeo, waliofundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nguvu ya nuru na nguvu ya giza, akawa msikilizaji wao kwa karibu miaka tisa.

Katika kipindi hicho na miaka iliyofuata mambo kadhaa yalimfundisha kuhusu moyo kuliko vitabu vyote alivyosoma. Kwanza ni msiba. Rafiki yake wa tangu utotoni alifariki ghafla kwa homa, na Augustino akaona mji mzima umegeuka giza. Kila mahali alipozoea kumkuta palimchoma. Miaka mingi baadaye alijieleza hivi: alimpenda binadamu kana kwamba binadamu hafi. Hakusema kwamba ilikuwa kosa kupenda. Alisema kwamba aliudai upendo huo umpe kitu ambacho kiumbe hawezi kutoa, yaani kudumu milele.

Kisha kuna mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, mama wa mtoto wake Adeodato. Baadaye, walipokuwa Italia, Augustino alimrudisha Afrika ili yeye mwenyewe apate kuoa katika ukoo wenye hadhi, na akakiri kwamba moyo wake ulichanika, ukavuja damu. Wahubiri wengi humtaja mwanamke huyo kama kikwazo tu katika safari ya mtakatifu. Hiyo si haki. Augustino mwenyewe anasimulia kwamba mwanamke huyo aliondoka akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, uaminifu ambao Augustino wakati huo hakuuweza.

Mwaka 384 alipata cheo kikubwa cha ualimu wa balagha huko Milano, kulikokuwa na makao ya kaisari. Siku moja, akienda kumsifu kaisari kwa hotuba iliyojaa uongo ambao kila msikilizaji angeujua, alimwona ombaomba mlevi akicheka barabarani. Akawaambia rafiki zake kwamba yule amekwisha kuipata furaha ambayo wao wanaihangaikia kwa taabu nyingi, ingawa furaha yenyewe si ya kweli. Hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba mafanikio hayamtoshi, na kwamba kutotosheka huko ni dalili ya jambo fulani.

Mahubiri ya Ambrosi, askofu wa Milano, yalimfungulia tena Biblia, na vitabu vya wafuasi wa Plato vikamwezesha kumfikiria Mungu asiye na mwili. Akili ilikubali, utashi ulikuwa bado umefungwa. Mwaka 386, katika bustani ya nyumba aliyokaa na rafiki yake Alipi, alisikia sauti ya mtoto kutoka jirani ikimhimiza achukue na kusoma. Alifungua barua za Paulo, akakutana na sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, na mapambano yakaisha. Ambrosi alimbatiza katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387, pamoja na Alipi na Adeodato. Monika alifariki mwaka huohuo huko Ostia, akiwa amekwisha kuyaona machozi yake ya miaka mingi yakijibiwa. Augustino alirudi Afrika, akapewa upadre mwaka 391 huko Hippo, mji ambao sasa unaitwa Annaba, na miaka michache baadaye akawa askofu wake hadi kifo chake tarehe 28 Agosti 430.

Kati ya mwaka 397 na 400 hivi aliandika Maungamo, kazi yenye vitabu 13, yote ikiwa ni sala anayomwelekezea Mungu. Aya ya kwanza kabisa ndiyo chimbuko la fundisho lote: moyo ulioumbwa kwa ajili ya Mungu hauwezi kutulia mpaka utulie kwake. Wasomaji wengi huishia kwenye ile bustani ya Milano, wakidhani kwamba hapo moyo ulitulia kabisa. Kitabu cha kumi kinakanusha. Augustino, sasa ni askofu, anayataja wazi mambo yanayoendelea kumvuta: chakula, muziki, udadisi, na zaidi ya yote kupenda kusifiwa. Ubatizo haukuiondoa hamu, uliipa mwelekeo. Hilo ndilo jambo lake kubwa, na ndilo linalosahaulika. Tamaa za moyo kwake si adui wa kuuawa. Dhambi ni kupenda kwa mpangilio uliovurugika: kukipenda kidogo kilicho kikubwa na kukipenda mno kilicho kidogo. Anayeokolewa hafundishwi kupenda kidogo, anafundishwa kupenda kila kitu mahali pake.

Karne nane baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilipanga suala hilo kwa nidhamu ya darasani. Katika Summa Theologiae anauliza furaha kamili ya mwanadamu imo katika nini, kisha anapitia mali, heshima, umaarufu, mamlaka, afya, raha na hata mema ya roho, akivikataa kimoja baada ya kingine, kwa kuwa utashi wa mwanadamu unataka wema usio na mpaka na hakuna kiumbe chenye wema wa namna hiyo. Thoma alikuwa pia mwangalifu kuliko wahubiri wengi wanaomnukuu. Alikiri kwamba kila mtu anataka furaha, na kwamba furaha hiyo ni Mungu, lakini kutaka furaha si sawa na kumjua Mungu. Alitoa mfano: anayeona mtu anakuja kwa mbali hajajua bado kwamba ni Petro, ingawa anayekuja ni Petro kweli. Kwa sababu hiyo hakuitumia hamu ya moyo kama njia ya mkato ya kuthibitisha kwamba Mungu yupo.

Uangalifu huo unasaidia kuwajibu wapinzani. Mwanafalsafa Ludwig Feuerbach mwaka 1841, na mwanasaikolojia Sigmund Freud mwaka 1927, walidai kwamba Mungu ni matakwa ya mwanadamu yaliyopewa umbo. Ni kweli kwamba njaa pekee haithibitishi kwamba chakula kimeandaliwa. Ila maelezo yao hayaufikii ushuhuda wa watu kama Augustino. Mungu aliyejitungia kwa matakwa yake angembariki katika cheo chake na ndoa yake ya faida. Mungu aliyekutana naye alimtaka aviache vyote viwili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya tarehe 7 Desemba 1965, ulikwenda mbali zaidi ukakiri kwamba waamini wenyewe, kwa mafundisho mabaya na maisha yasiyolingana na imani, wamechangia kuificha sura ya Mungu. Kukiri huko kulihitaji ujasiri, na bado kunawahusu waamini wa leo.

Ndani ya Kanisa kulizuka mabishano ya aina nyingine. Ikiwa hamu ya Mungu imo katika maumbile, je, Mungu analazimika kuitimiza? Akilazimika, neema si zawadi tena. Kuanzia karne ya 16 wanateolojia wengi walilikwepa tatizo hilo kwa kusema kwamba maumbile ya mtu yana lengo lake la kawaida, na wito wa kumwona Mungu umeongezwa juu yake. Mjesuiti Mfaransa Henri de Lubac, katika kitabu chake Surnaturel cha mwaka 1946, alipinga: kwa namna hiyo Mungu anakuwa nyongeza ambayo mtu anaweza kuishi vizuri bila ya kuwa nayo. Mwaka 1950 aliondolewa kwenye ualimu. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alimfanya kardinali. Msimamo wa de Lubac unaotatanisha ndio ulio karibu zaidi na Augustino: hamu yenyewe ni zawadi, na anayetafuta ametafutwa kwanza.

Kuhusu namna ya kuishi na hamu hii, barua moja ya Augustino ina manufaa kuliko risala nyingi. Baada ya Roma kutekwa mwaka 410, mjane tajiri aitwaye Proba, aliyekimbilia Afrika, alimwuliza asali vipi. Augustino alimjibu kwamba Mungu hahitaji kuarifiwa anachotaka mtu. Kusali bila kukoma ni kutamani bila kukoma. Saa maalumu na maneno ya sala viko kwa ajili ya kuichochea hamu isije ikapoa. Aliwasifu wamonaki wa Misri kwa sala zao fupifupi za mara kwa mara. Katika mahubiri yake aliongeza kwamba Mungu anapochelewa kutoa, anaipanua roho ili iweze kupokea zaidi.

Kuchelewa huko kunaweza kuwa na maumivu makali. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, aliyefungwa na watawa wenzake huko Toledo mwaka 1577 na 1578, aliandika kuhusu usiku ambamo roho haihisi lolote na bado inapenda. Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, aliishi miezi yake ya mwisho akiandamwa na wazo kwamba mbinguni hakuna kitu. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, zilionyesha giza la miongo mingi chini ya tabasamu ambalo dunia ililizoea. Kanisa lilizisoma barua hizo, halikuliona giza hilo kuwa upungufu wa imani, na tarehe 4 Septemba 2016 likamtangaza kuwa mtakatifu.