Wageni wa Mapafuni

Kwa zama nyingi madaktari waliitakidi, na vitabu vya tiba vikafundisha, ya kuwa mapafu ya mtu mwenye siha ni twahara kabisa, hayana kijidudu hata kimoja. Na itikadi hiyo ilikuwa na nguvu hata Wamarekani, walipoanzisha mwaka 2007 mradi wao mkubwa wa kuvichunguza vijidudu vyote viishivyo katika mwili wa binadamu, walitia katika orodha yao ngozi, kinywa, pua na utumbo, wakayaacha mapafu. Kwangu mimi kosa hilo lina udhuru, kwani bakteria wengi wa mapafuni hawaoti katika visahani vya maabara, na kwa zaidi ya karne moja visahani hivyo ndivyo vilivyokuwa shahidi mkuu wa matabibu. Ilipopatikana njia ya kuwatambua bakteria kwa kusoma jeni zao, bila ya kuwaotesha, ndipo hakika ilipodhihiri: mwaka 2010 watafiti wa London walieleza ya kuwa wamewakuta bakteria katika mirija ya pumzi ya watu wazima wa afya, na ya kuwa jamii ya bakteria hao si ile iliyomo katika vifua vya wenye pumu.

Wametoka wapi basi? Aghalabu mtu hudhani wametoka hewani, na kweli hewa huleta wachache. Lakini bandari yao kubwa ni kinywa na koo. Tulalapo usingizi mzito, matone madogo ya mate huteremka kimya kimya hata mapafuni, wala mlalaji hana habari. Jambo hili lilijaribiwa kwa kutia puani mwa watu waliolala kiasi kidogo cha dawa yenye mnururisho, na kulipokucha dawa hiyo ikaonekana vifuani mwa takriban nusu yao, nao ni watu wasio na maradhi yoyote. Ndiyo sababu bakteria wa mapafuni, kama vile Prevotella, Veillonella na Streptococcus, ni jamaa wa wale wa kinywani.

Kufika, hata hivyo, si kukaa. Ndani ya mirija umetandazwa ute, na chini yake vimepangika vinywele vidogo mno vipigavyo makasia usiku na mchana, vikiusukuma ute huo pamoja na kila kilichonaswa humo kurudi kooni, ambako humezwa au kutemwa, na kikohozi huusaidia. Na kule chini, katika vifuko vya hewa, zimo chembe za kinga zenye kazi ya kumeza kila mgeni, tena utando uliovipaka vifuko hivyo una mafuta yenye kuwadhuru bakteria, wala hauna chakula cha kuwashibisha.

Kuwasili huku na kuondolewa huku kuna mfano wake visiwani. Mwaka 1967 wanabiolojia Robert MacArthur na Edward Wilson walitoa kitabu kuhusu viumbe vya visiwani, wakabainisha ya kuwa idadi ya aina zilizomo kisiwani ni mizani baina ya zinazowasili na zinazotoweka, na kwamba kisiwa kilicho karibu na bara hupata wageni wengi kuliko kilicho mbali. Mwaka 2015 Robert Dickson na wenziwe wa Michigan waliipima kanuni hiyo katika mapafu ya watu wazima wa afya, wakaona ya kuwa sehemu zilizo karibu na koo zina aina nyingi, na kadiri mtu ashukavyo ndivyo zipunguavyo. Mkazi wa pwani, aliyezoea kuona majahazi yakitia nanga na kung'oa, hahitaji tafsiri: jamii ya mapafu yenye afya ni ya wapitaji.

Maradhi huigeuza mizani hiyo. Moshi wa tumbaku huvilemaza vile vinywele. Ute huwa mzito, ukatuama, na mahali palipokuwa hapana riziki pakawa na riziki. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi, ambao belghamu yake hunata kama ulimbo, bakteria aitwaye Pseudomonas huweka maskani, akazaana, akajijengea kifuniko ambacho dawa hukipenya kwa taabu, na mwaka hata mwaka wale wapitaji wa aina nyingi hupungua, hata kifua kizima kikawa karibu milki yake peke yake.