Dakika Nne za Mbio, Mwaka Mzima wa Bajeti: Pesa ya Vipindi na Jinsi ya Kuipanga

Kuna swali ambalo wateja wetu hutuuliza karibu kila wiki: "Mimi sina mshahara wa mwisho wa mwezi. Leo napata, kesho nalala njaa. Sasa akiba nitaweka vipi?" Anauliza dereva wa boda boda, anauliza fundi wa mjengo, anauliza mkulima anayengoja bonasi ya majani chai, anauliza MC ambaye harusi zake zote ni za Agosti na Desemba.

Leo tutajibu kwa mfano wa kazi iliyo mbali sana na ya kwako: kazi ya wale wanaoshindana kushuka milima kwa baiskeli. Ukiwaona kwenye runinga utadhani maisha yao ni kuruka mawe na kupigiwa makofi. Ukweli ni kwamba wengi wao wana shida ile ile ya boda boda wa Kitengela. Pesa inaingia kwa vipindi, matumizi hayapumziki, na kuanguka mara moja tu kunaweza kufunga kazi.

Mchezo wenyewe ni upi?

Mbio hizi ni za mtu mmoja mmoja na saa. Unapandishwa hadi juu ya mlima, mara nyingi kwa gari la kebo linaloning'inia kwenye waya. Mlango unafunguliwa, unashuka peke yako kwenye njia nyembamba yenye mizizi, mawe, matope na miruko. Mwenye muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Hakuna raundi ya pili ya kurekebisha.

Chukua mfano wa Fort William, Uskoti, ambako Kombe la Dunia la mchezo huu limefanyika mara nyingi tangu mwaka 2002. Njia ina urefu wa takriban kilomita 2.8 na inashuka zaidi ya mita 500. Wale wakali huimaliza kwa dakika kati ya nne na tano. Basi. Kazi ya wiki nzima inaisha kabla chai haijachemka.

Na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni ndogo ajabu. Mwaka 2013, Greg Minnaar wa Afrika Kusini alishinda ubingwa wa dunia nyumbani kwao Pietermaritzburg kwa chini ya nusu sekunde, tena sehemu ya mwisho akiteremka na pancha ya tairi la nyuma. Miaka miwili baadaye huko Leogang, Austria, Mmarekani Aaron Gwin alikatikiwa na cheni pale pale mwanzoni. Akashuka bila kupiga pedali hata mara moja, na bado akashinda. Mteremko ndio injini.

Lakini mteremko haulipi bili. Hapo ndipo hadithi ya pesa inapoanza.

Msimu mmoja, sarafu tano

Tuangalie msimu wa 2023. Kombe la Dunia lilianza Juni huko Lenzerheide, Uswisi. Likaenda Leogang, Austria, kisha Val di Sole, Italia. Agosti kulikuwa na Ubingwa wa Dunia Fort William, kwa wale walioteuliwa na nchi zao. Baada ya hapo ikawa Andorra, halafu Loudenvielle na Les Gets, Ufaransa. Mwishowe washindani wakavuka bahari hadi Snowshoe, Marekani, na kumalizia Mont-Sainte-Anne, Kanada, mwezi wa Oktoba.

Hesabu sarafu: faranga ya Uswisi, euro, pauni, dola ya Marekani na dola ya Kanada. Sarafu tano ndani ya miezi mitano. Kila unapovuka, pesa yako inabadilishwa, na kila inapobadilishwa kuna mtu anabaki na kipande.

Mshindani aliye kwenye timu kubwa ya kiwanda haumizwi kichwa sana na hayo. Ana mshahara, fundi wake, mpishi pengine, na lori la timu linalotangulia na vifaa. Lakini nyuma yake kuna kundi kubwa la wanaojilipia. Huyu ndiye dereva, fundi, mhasibu na mpishi kwa wakati mmoja. Analala kwenye gari la van lililo na kitanda cha mbao, baiskeli mbili, matairi ya akiba na jiko dogo la gesi. Anaosha baiskeli usiku kwa tochi ili kesho saa mbili asubuhi iwe tayari kwa mazoezi.

Gharama zake ni nyingi na nyingine hazionekani mapema. Mafuta na barabara za kulipia. Uswisi unanunua stika ya barabara kuu ya faranga 40, na bei ni hiyo hiyo ukikaa siku tatu ama mwaka mzima. Kuna ada ya kujiandikisha mbio. Kuna mzigo wa baiskeli kwenye ndege. Kuna matairi na pedi za breki zinazoisha haraka, maana wiki moja ya mbio inakula vifaa ambavyo mtu wa kawaida angetumia muda mrefu.

Halafu kuna siku za kukaa. Mgeni asiye raia wa Umoja wa Ulaya kwa kawaida anaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi za eneo la Schengen. Waingereza hawakuwa na hesabu hiyo zamani. Tangu nchi yao ilipomaliza kipindi cha mpito mwishoni mwa 2020, nao wanahesabu siku. Ukihesabu vibaya, msimu unakatika hata kama mwili na baiskeli viko sawa.

Pesa inaingia vipi?

Inaingia kwa mabonge, tena si kwa tarehe unayoitaka. Mfadhili anaweza kutoa kiasi fulani mwanzo wa mwaka. Mwingine hatoi pesa kabisa, anatoa matairi, helmeti au nguo. Zawadi za mbio huenda kwa walio juu tu. Ndiyo maana wengi hufanya kazi nyingine miezi ya baridi: ujenzi, kufundisha wanaoanza, ufundi kwenye duka la baiskeli. Pesa ya miezi hiyo ndiyo inayobeba msimu.

Na hakuna uhakika wa kupata nafasi. Mwaka 2023 kwenye Kombe la Dunia, wanaume 60 tu ndio waliovuka kutoka mbio za kufuzu hadi nusu fainali, na 30 wakaingia fainali. Wanawake walikuwa 15, kisha 10. Kwa hiyo unaweza kuendesha gari siku mbili, ukalipa kila kitu, ukateleza kwenye mzizi mmoja wakati wa kufuzu, na wikendi ikaishia hapo. Mafuta ya kurudi yanahitajika vile vile.

Mtu wa aina hii akila bonge lote mwezi wa Juni, hafiki Oktoba. Njia inayomfikisha ni moja: siku pesa inapoingia, anaigawa kabla haijazoea mfuko. Fungu la safari zilizobaki, fungu la vifaa, fungu la chakula, na fungu la siku ya kuanguka. Fungu la tiketi ya kwenda Marekani halinunui tairi la Austria, hata tairi likiwa zuri namna gani.

Siku ya kuanguka

Katika mchezo huu kuanguka kunatarajiwa. Mfupa wa bega, mkono, kifundo cha mguu, kichwa: yote hutokea. Rachel Atherton wa Uingereza alishinda kila raundi ya Kombe la Dunia mwaka 2016. Julai 2019, akiwa mazoezini Les Gets, kano kubwa ya kisigino ilikatika na msimu wake ukaishia hapo. Alirudi, na Juni 2023, akiwa sasa ni mama, akashinda Lenzerheide.

Yeye alikuwa bingwa mwenye timu nyuma yake. Anayejilipia akivunjika mfupa, mambo matatu humpata siku hiyo hiyo: gharama za hospitali zinaanza, kipato kinasimama, na yuko mbali na nyumbani. Bima nyingi za kawaida za safari haziingizi mashindano ya namna hii, kwa hiyo lazima anunue ile inayotaja mbio waziwazi. Asiyesoma maandishi madogo atayajua akiwa amelala kitandani. Wengi huishia kuchangiwa na marafiki na mashabiki mtandaoni.

Tunaujua mchango huo. Kila wiki hapa Kenya kuna grupu la WhatsApp lenye picha ya mgonjwa na namba ya kutuma pesa. Mchango ni utu, na usiache kuchangia wenzako. Lakini mchango huja baada ya ajali, na hujui utafika kiasi gani. Akiba na bima hukaa tayari kabla.

Sasa wewe ufanye nini?

Huhitaji mlima wala baiskeli. Anza na haya matano kwenye simu yako.

1. Gawa pesa siku inapoingia. Tuseme boda boda amepata siku nzuri, shilingi 2,000. Anaweza kugawa hivi: mafuta na mwenye piki 900, nyumbani 700, servisi na spea 150, siku mbaya 150, afya 100. Kiasi chako kitakuwa tofauti, lakini fungu la siku mbaya lisikose hata likiwa shilingi 50. Liweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, kando na pesa unayotumia kila siku. Ikikaa pamoja na ya matumizi, itaenda nayo.

2. Usitumie pesa ambayo haijaingia. Ahadi ya mfadhili haijazi tangi la mafuta. Vivyo hivyo, ujumbe wa "umepokea pesa" peke yake si pesa. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo ama kumrudishia mtu anayedai ametuma kimakosa. Na ukikosa leo, deni la simu la kukusukuma siku moja linaeleweka. Ukilichukua kila siku, limekuwa mshirika wa biashara yako na linalipwa kwanza kabla yako.

3. Ukipokea ama kutuma nje ya nchi, hesabu kinachofika. Ada ni sehemu moja tu, bei ya kubadilisha ni sehemu ya pili. Mfano wa hesabu tu: dada yako anatuma euro 200. Njia ya kwanza haikati ada, lakini inabadilisha euro moja kwa shilingi 140. Utapata 28,000. Njia ya pili inakata euro 2, lakini inabadilisha kwa 146. Utapata 28,908. Ile ya "bure" imekula shilingi 908. Uliza kila mara: "Mwisho wa yote, shilingi ngapi zitaingia kwa simu?" Na ukiwa ng'ambo mwenyewe na kadi, mashine ikikuuliza ulipe kwa pesa ya huko ama kwa shilingi, chagua ya huko. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi hiyo huwa ghali zaidi.

4. Lipia afya wakati uko mzima. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, na unaweza kuangalia na kulipa mchango wako kwa simu. Kama una bima ya ajali ya chama ama ya kazi, isome uone inalipa nini na hailipi nini. Dereva wa boda boda aulize wazi kama abiria na yeye mwenyewe wote wamo. Jibu hilo litafute leo, ukiwa bado mzima na miguu miwili iko chini.

5. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Mshindani anayesafiri humwachia mtu wake habari: bima iko kampuni gani, daktari wake nani, apigiwe nani kwanza. Fanya hivyo. Mke, mume, mama, ndugu ajue kadi ya bima iko wapi na chama chako ni kipi. PIN peke yake haiingii kwenye orodha hiyo. Hiyo ni ya kichwani mwako. Simu ikipotea ama ikiharibika barabarani, piga huduma kwa wateja mara moja kwa simu ya mwenzako, laini ifungwe kabla mtu hajajaribu bahati yake.

Anza na bonge linalofuata

Huwezi kupanga siku ambayo mvua itanyesha na wateja wakose, kama vile mshindani hawezi kupanga mzizi utakaomwangusha. Unachoweza kupanga ni pesa ya siku nzuri. Kwa hiyo kabla hujaweka simu chini, amua majina ya mafungu yako, hata yakiwa matatu tu: kazi, nyumbani, siku mbaya. Pesa itakayoingia kesho, igawe kwa majina hayo kabla hujaitoa kwa ajenti.

Kama una swali kuhusu kufungua akiba kwenye simu, ada za kutuma ama jinsi ya kufunga laini iliyopotea, tupigie ama pitia kwa ajenti wetu aliye karibu nawe. Na kumbuka, sisi hatutawahi kukupigia kukuomba PIN yako. Anayeiomba ni mwizi. Mkatie simu.