Kompyuta Kongwe Isife Bure

Mhula uliopita alifika shuleni mama mmoja kutoka Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kutazama matokeo ya mwanawe aliyemaliza Kidato cha Nne. Mwalimu wetu wa Fizikia alifungua kompyuta ya maktaba, nayo ikakataa kabisa, ikisema mawasiliano hayo si salama. Mama yule akaenda mjini Ngara kulipia huduma hiyo. Wengi walisema, "Mtandao mbovu." Lakini simu ya mwalimu ilifungua ukurasa ule ule wa Baraza la Mitihani bila taabu. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta yetu, na mwalimu akaniita mimi na wenzangu wawili tuutafute.

Yafaa msomaji ajue kwanza jambo hili. Kompyuta na tovuti huzungumza kwa lugha ya siri ili wezi wasisikilize. Tovuti hutoa cheti cha kuitambulisha, na kompyuta hukikagua. Cheti kina tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Kwa hiyo saa ya kompyuta ikiwa na makosa, hata cheti halali hukataliwa. Sisi tulianza hapo. Betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ilikuwa imekufa, na kompyuta ilidhani tuko mwaka 2009. Tuliibadilisha, tukasahihisha tarehe, na baadhi ya kurasa zikafunguka. Nyingine zilikataa bado, maana kivinjari kilikuwa cha zamani mno.

Kwa nini tusibadilishe kivinjari tu? Kwa sababu kivinjari hukaa juu ya mfumo endeshi, kama bati juu ya kuta. Mfumo wetu ulikuwa Windows 7, ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuutengeneza tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome nacho kiliuacha mwaka 2023. Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta yetu haina.

Tukachagua Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Hautozwi fedha. Aina tuliyotumia, Linux Mint, huhitaji kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20 katika diski. Yetu ilikuwa na GB 4.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza, nakili mafaili yote mahali pengine. Pili, kwa kompyuta nzima, pakua mfumo kutoka tovuti ya wenyewe, uuandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya kazi hiyo. Tatu, washa kompyuta kongwe kwa kutumia flashi hiyo, ujaribu intaneti, sauti na kipanya kabla ya kugusa diski. Nne, ukiridhika, ndipo usimike. Hakikisha umeme ni wa kutegemewa, maana ukikatika katikati utaanza upya. Mwisho, ruhusu masasisho yote.

Sasa niungame kosa langu. Kunakili mafaili kulikuwa zamu yangu. Nilichukua ya walimu, nikasahau kwamba mkutubi wa wanafunzi alikuwa na akaunti yake. Diski ilipofutwa, orodha ya vitabu vilivyoazimwa ikapotea pamoja nayo. Jumamosi mbili nilipita bweni kwa bweni, kitanda kwa kitanda, nikiuliza nani ana kitabu gani. Vingi vilipatikana, vitatu havijarudi hadi leo. Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla ya kufuta, waulize wote waliowahi kukitumia chombo hicho.

Kompyuta sasa hufungua ukurasa wa matokeo, na pia ule tutakaotumia sisi Kidato cha Nne kurekebisha machaguo ya tahasusi. Mzazi akija tena hatarudishwa mlangoni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: kabla ya kuziba, toa kwanza vilivyomo ndani.